Mboga za Kando ya Mgodi: Kisa cha Sheferi Moja Karibu na Lubumbashi

Majina ya watu, ya sheferi (eneo la utawala linaloongozwa na chifu), ya mgodi na ya kampuni ya chakula nimeyaondoa, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulikane mtu. Sheria na tarehe za serikali nimeziacha zilivyo. Mimi nilikuwa upande wa sheferi: walinichukua kwa mikataba mifupi mifupi niwaandikie mipango na kukaa nao kwenye mikutano. Kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu, na nitayataja kila yanapofika.

Mazingira

Sheferi hii iko mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo. Hiyo ni kiangazi. Mvua ikianza, saa mbili huwa nne. Upande mmoja wa kijito kuna mashimo ya shaba na kobalti ya kampuni kubwa. Upande wa pili kuna bustani za nyanya, vitunguu, kabichi na lengalenga, zinazomwagiliwa kwa ndoo kuanzia Mei hadi Oktoba. Wanaolima ni akina mama kwa sehemu kubwa, pamoja na vijana waliochoka kuchimba kwa mikono.

Jikoni la mgodi hulisha mamia ya wafanyakazi kila siku, na wakati kisa hiki kinaanza nyanya zake zilitoka Zambia. Zilivuka mpaka wa Kasumbalesa, kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi, zikapita mjini, zikapandishwa kamyo nyingine hadi mgodini. Mpishi akichungulia dirishani aliziona bustani za kijitoni.

Sisi wenyeji wa Katanga hatulishangai hilo sana. Reli ilifika Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ikitokea kusini, na unga wa posho ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi za Wabelgiji, ulipanda reli hiyohiyo. Kula cha kusini na kuchimba cha hapa ni tabia yenye umri wa mji wenyewe. Mikoa imejaribu kuivunja: enzi za Katanga moja, kabla haijagawanywa mikoa minne mwaka 2015, serikali ya mkoa iliwahi kuyadai makampuni ya madini kila moja lilime hekta 500 za mahindi. Kumwamuru mchimbaji awe mkulima ni njia mojawapo. Sheferi yetu ilijaribu nyingine, ya kumfanya mchimbaji awe mnunuzi.

Iliwezekana kujaribu kwa sababu fedha zilikuwapo. Sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa serikali kwa madini unayouza (ofisini wanasema redevansi), ni asilimia 3.5 kwa shaba; kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018 ikapanda hadi asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 sheferi, sekta, komuni au mji ambamo mgodi umo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 haikuwa mpya, maana ilikuwamo tangu 2002, lakini ilipitia hazina ya serikali na mara nyingi iliishia huko. Jipya ni kwamba sasa mgodi unalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya sheferi. Kuna pia asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi kwa miradi ya jamii, lakini hiyo ina kamati yake na haimo katika kisa hiki.

Jambo moja zaidi la kisheria, kwa kuwa litarudi mwishoni. Sheria ya Oktoba 2008 inasema sheferi iwe na baraza la kuchaguliwa, linalopitisha bajeti na kumhoji anayezitumia fedha. Uchaguzi wa mabaraza ya sheferi haujafanyika. Anayeamua ni chifu na watu wake watatu wanne wa ofisini, na anayewahoji ni wao wenyewe.

Ukumbi wa soko, 2020 na 2021

Sehemu hii nitaipita haraka. Fedha za kwanza zilijenga ofisi na soko la kisasa: paa la bati jekundu, meza 48 za saruji, choo. Uwanja ulichaguliwa kwa sababu chifu aliweza kuutoa bure, na uko karibu kilomita moja kutoka njiapanda ambapo kamyo za kwenda mjini husimama. Akina mama walihamia kwa amri, wakakaa wiki mbili, wakarudi njiapanda mmoja mmoja. Mteja wao yuko juu ya kamyo, na kamyo haikati kona kwa ajili ya bati jekundu. Leo watoto wanacheza mpira pale, na mbuzi wanajikinga mvua.

Chifu, nimpe haki yake, hakumlaumu mtu. Aliniambia, "Tulijenga nyumba ya biashara, biashara yenyewe tukaisahau njiapanda." Ndipo akaomba mkutano na walimaji.

Mkutano wa darasani, Februari 2022

Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebana magoti kwenye madawati ya watoto. Sekretere wa sheferi alieleza wazo: mgodi una kantini, kantini inaendeshwa na kampuni ya chakula, na sheria ya 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo inataka kazi za namna hiyo zipewe kampuni za Wakongomani. Kwa hiyo shinikizo la kununua vya hapa lipo. Sheferi itajenga depo yenye mizani, itanunua makasha ya plastiki na pampu mbili, na walimaji wataunda koperative, yaani ushirika. Watu walipiga makofi.

Mama mmoja wa makamo, anayelima vitalu sita, aliinua mkono. "Baba sekretere, feza inatokaka siku gani?"

Sekretere akajibu kwamba fakture, yaani hati ya kudai malipo, hulipwa baada ya siku 45, ndivyo kampuni zinavyofanya kazi. Mama akauliza tena, kwa upole uleule, kwamba shule inataka karo kila mwezi na yule mama wa kamyo anayetoka Lubumbashi hulipa palepale kitaluni, noti mkononi. Je, siku hizo 45 watakula nini? Mtu akacheka. Mwenyekiti akasema suala hilo litaangaliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari, na hizo siku 45 niliziweka kwenye safu ya mwisho ya jedwali, chini ya neno "mengineyo". Lingekuwa ukurasa wa kwanza.

Bei zilionekana tamu, na ndizo zilizotulevya. Kasha la nyanya la kilo 20 mama wa kamyo alilichukua kwa dola 6. Kampuni ya chakula iliahidi dola 10. Koperative ingebaki na dola 1 ya usafiri na depo, mlimaji apate 9. Ukiitazama karatasi hiyo huoni sababu ya mtu kukataa.

Msimu wa kwanza: makasha 40

Kwanza makaratasi. Kampuni ya chakula ilidai namba ya RCCM, rejista ya biashara. Koperative, kwa sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja ambao Kongo iliuingia mwaka 2012, ina rejista yake ya pekee, rejista ya mashirika ya ushirika. Afisa manunuzi hakuwahi kuiona karatasi ya namna hiyo akaikataa. Tulikwenda Lubumbashi na kurudi mara tano kabla ya mtu kupiga simu moja iliyomaliza mambo. Mwezi Mei ukapita hivyo, na nyanya za Mei zikaenda na mama wa kamyo.

Mwezi wa sita nilipanda kamyo ya shehena ya tatu ili nione kwa macho. Nitaieleza safari hiyo taratibu, kwa kuwa karibu kila kitu nilichojifunza kimo ndani yake.

Tulipakia makasha 40 saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni ikiuma vidole. Mlimaji mmoja alikuwa akipanga nyanya zilizoiva sana juu, zing'ae. Dakika 20 baadaye tulisimama. Mti umelazwa barabarani, jiwe limefungwa mwisho wake, na kijana mwenye kitabu cha risiti. Franka 500 kwa kasha. Nilimwuliza anatoza kwa niaba ya nani. Akanionyesha muhuri: wa sheferi. Yaani sheferi iliyonunua makasha ilikuwa ikiyatoza ushuru makasha yaleyale kabla hayajafika yalikotumwa. Mama mhazini akalipa franka 20,000 bila kusema neno, kama mtu aliyezoea. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa kama thamani ya kasha moja zima.

Mbele kidogo kizuizi kingine, cha watu ambao sikuelewa ni wa idara gani. Hao walichukua kasha lenyewe. Tukabaki na 39.

Langoni mwa mgodi, mkaguzi wa kampuni ya chakula alipima uzito, akaminya nyanya kwa kidole gumba, akaanza kutenga. Alikataa makasha 14. Sababu: zimeiva. Kantini hutunza nyanya wiki nzima, kwa hiyo inataka zilizoanza tu kugeuka rangi. Soko la mjini linataka nyekundu, na akina mama walichuma nyekundu kama walivyochuma miaka yote. Hakuna aliyewaambia. Si sekretere, si mimi, wala kampuni, ambayo ilikuwa na karatasi ya vipimo vya ubora kwa Kifaransa, kurasa nne, imekaa kwenye barua pepe ya sekretere tangu Aprili.

Yale 14 tuliyauza njiapanda jioni, kila kasha kwa dola 4.

Tulianza msimu na walimaji 63. Mwezi wa tisa walibaki 22. Fakture ya kwanza ililipwa, kwa ukamilifu na bila hila yoyote. Tatizo ni kwamba ililipwa baada ya wengi kuondoka. Yule mama wa darasani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi kwa kamyo. Nilimkuta njiapanda, akanipa nyanya mbili za kula njiani. Hakunikumbusha lolote, na nilishukuru.

Maamuzi ya kati ya misimu miwili

Mvua za mwisho wa 2022 zilitupa miezi ya kukaa na kufikiri. Yaliamuliwa mambo matatu.

La kwanza lilikuwa bariera, yaani kile kizuizi cha ushuru barabarani. Nilipoleta hesabu ya safari ile mbele ya chifu, watoza ushuru wanne walikuwa chumbani, na hawakufurahi. Wanaishi kwa fungu la wanachotoza. Kuondoa bariera ni kuondoa chakula chao. Chifu alisikiliza pande zote kwa saa mbili, kisha akatoa amri ya maandishi: mazao yanayokwenda depo ya koperative au kutoka humo hayatozwi na sheferi. Wawili kati ya watoza ushuru wakapewa kazi ya mizani kwenye depo, kwa mshahara wa mwezi. Wawili walibaki barabarani kutoza makaa na mbao. Amri hiyo iliigharimu sheferi kidogo mno ukilinganisha na ukumbi wa soko, na kwa maoni yangu ndiyo hatua bora kuliko zote walizochukua katika miaka hii. Kizuizi cha pili hakikuondoka, kwa kuwa hakikuwa cha chifu kukiondoa, ila kasha la bure lilikoma baada ya kamyo kuanza kubeba nakala ya amri yenye muhuri.

La pili: karatasi ya ubora ilifanywa picha. Fundi wa rangi wa kijijini alichora nyanya tano ukutani mwa depo, kuanzia ya kijani hadi nyekundu, akaizungushia duara ya tatu. Ndiyo hiyo tu.

La tatu, mfuko wa malipo ya papo hapo. Sheferi ingeweka fedha za mrabaha kwenye akaunti ya pembeni. Mlimaji akipima mzigo wake depo analipwa siku ileile. Fakture ikilipwa na kampuni ya chakula, fedha zinarudi mfukoni. Mfuko haupotezi kitu, unasubiri tu kwa niaba ya mlimaji.

Hesabu iliyotukosesha: siku 45 au 75?

Hapa pana kosa langu la pili, na ni la hesabu tupu. Msimu wa 2023 tulipanga kupeleka makasha 100 kwa wiki. Mlimaji hulipwa dola 9, kwa hiyo mfuko unatoa 900 kila wiki. Siku 45 ni wiki sita na nusu. Mara 900, unapata 5,850. Nikaandika dola 6,000, sheferi ikaweka dola 6,000, na mambo yakaanza vizuri. Walimaji wakarudi hadi 58.

Wiki ya saba sanduku lilikuwa tupu.

Nilichosahau ni kwamba siku 45 hazihesabiwi tangu siku ya kasha. Zinahesabiwa tangu siku ya fakture, na fakture ilitolewa mwisho wa mwezi. Kasha lililopimwa tarehe mosi linasubiri siku 30 kabla halijaandikwa, kisha 45. Jumla 75, karibu wiki 11, yaani dola zinazokaribia 9,700 zikiwa nje kabla hata senti moja haijarudi. Mhazini wa koperative, mwanamke aliyeishia darasa la sita, ndiye aliyelivumbua. Alikuwa amechora vijiti kwenye daftari, kijiti kimoja kila wiki, na mshale mahali fedha zilipotakiwa kurudi. Mshale wake na wangu haukuangukia wiki moja.

Suluhisho halikuwa kutia fedha peke yake. Tuliiomba kampuni ya chakula ipokee fakture kila baada ya wiki mbili. Wakakubali bila ubishi, jambo lililoniudhi kidogo kwa kuwa tungeweza kuomba tangu mwaka uliotangulia. Kusubiri kukashuka hadi siku 59, wiki nane na nusu hivi, na hitaji likawa karibu dola 7,600. Sheferi ikaongeza dola 2,000 kufikia 8,000. Wiki tatu za pengo ziliokolewa na mama wa kamyo, ambaye hakuwa na kinyongo na bado alilipa taslimu.

Kuanzia Agosti 2023 hadi mwisho wa kiangazi malipo hayakukatika hata wiki moja.

Matokeo

Kiangazi cha 2023 ndicho kilele. Nyanya na kabichi za kantini zilitoka kijitoni karibu zote, vitunguu nusu. Masika haikubadilika: mvua ikipiga, nyanya za wazi hupata baka na kuoza, na kuanzia Desemba kampuni ilirudi Kasumbalesa kama desturi. Tulizungumza habari ya vibanda vya plastiki. Hakikujengwa hata kimoja.

Mwaka 2024 ulileta jambo ambalo hatukulipangia. Ukame ulipiga Zambia, na tarehe 29 Februari rais wa huko akautangaza kuwa janga la taifa. Mahindi yakawa adimu, na Lubumbashi, inayokula bukari (ugali) ya unga wa kusini, ikausikia ukame huo mezani. Walimaji kadhaa waling'oa nyanya wakapanda mahindi ya kumwagilia kwenye vitalu vilevile. Siwezi kuwalaumu. Mkataba ulisema makasha 100, wiki nyingine yakafika 60, na kampuni ya chakula ikalalamika kwa maandishi. Hata hivyo mfuko ulikaa mzima.

Kilichouvunja kilitoka kwenye kobalti. Bei yake ilikuwa imeanguka vibaya, na tarehe 22 Februari 2025 serikali ikasimamisha usafirishaji wake nje kwa miezi minne, kisha ikaongeza, hadi utaratibu wa kugawa viwango ulipoanza tarehe 16 Oktoba. Shaba iliendelea kutoka, lakini kobalti ilirundikwa kwenye maghala. Kwa sheferi iliyozoea mrabaha wa asilimia 10 wa kobalti, robo ya pili ya mwaka ilikuwa kama kisima kilichokauka. Mishahara ya ofisi ilichelewa mwezi mmoja, kisha miwili.

Mwezi wa saba sekretere alichukua dola 5,000 kwenye mfuko wa walimaji. "Wiki mbili tu," alisema. Alilipa mishahara, hakujilipa mwenyewe hata franka moja, nimeona karatasi. Wiki mbili zikawa miezi minne. Zikiwa zimebaki dola 3,000 dhidi ya hitaji la 7,600, depo ililipa wiki tatu, ikaanza kuandika majina kwenye daftari la madeni. Walioandikwa mara mbili hawakurudi mara ya tatu. Tulifunga msimu wa 2025 na walimaji 31.

Uchambuzi

Nikianza na kilichofaa: hakuna kati yake kilichokuwa ghali. Amri moja ya maandishi, nyanya tano za ukutani, fakture ya wiki mbili badala ya mwezi. Pampu mbili zilisaidia pia, ila moja iliharibika 2023 na mavuno hayakushuka sana, kwa hiyo sitaidai sifa kubwa. Ukiweka kando ofisi na ukumbi, sehemu iliyobadilisha maisha ya kijitoni ilitumia sehemu ndogo sana ya mrabaha. Wenzangu wanaoandikia sheferi mipango huwa wanauliza kwanza "tujenge nini?" Ningewashauri wapande kamyo kwanza, wafuate kasha moja kutoka kitaluni hadi kwa mnunuzi, wakiandika kila linaposimama na kila anayelishika.

Kuhusu bariera nina neno zaidi, kwa sababu ni ugonjwa wa sheferi na komuni nyingi ninazozijua. Sheferi maskini hutoza kinachopita barabarani kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Inapopata mrabaha, ingetarajiwa iache, lakini watoza ushuru hubaki, kwa kuwa hakuna aliyewapa kazi nyingine. Chifu wetu alifaulu kwa kuwahamishia mizani. Angetoa amri bila kuwatafutia nafasi, naamini mti ungerudi barabarani usiku.

Kilichoshindwa kina ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ile ya ujinga wetu: siku 45, nyanya nyekundu, rejista ya koperative. Hayo yalitugharimu msimu mzima na walimaji 41, lakini yalirekebishika. Ngazi ya juu ni kwamba mfuko wa walimaji na mishahara ya ofisi vilikuwa chini ya kalamu moja. Akaunti tuliiita ya pembeni. Pembeni kwa jina. Saini zilikuwa za sekretere na mhasibu wa sheferi, wote wa ofisi moja. Walimaji hawakuwa na saini, na baraza la kuuliza halikuwapo. Sekretere si mwizi. Alikuwa na watumishi wasio na chakula nyumbani na akaunti moja yenye fedha, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kiti kile anajua angefanya nini.

Na nyuma ya hilo kuna bajeti yenyewe. Kila mwaka sheferi ilipanga matumizi ya kudumu, yaani mishahara, mafuta na posho za vikao, juu ya kipato cha kobalti cha mwaka mzuri. Shaba ni ya polepole lakini haikukatika. Ingetosha kubeba mishahara kama watumishi wasingeongezwa mara mbili tangu 2019. Hili niliwahi kuliandika kwenye ripoti, sentensi moja, kwa lugha ya adabu mno. Lilipaswa kusemwa kwa sauti.

Kuna njia moja ambayo hatukuijaribu na ninaijutia. Kampuni ya chakula hulipa siku ya 45 kwa sababu mgodi wenyewe unailipa siku ya 60. Mgodi una wajibu wa kutia saini hati ya majukumu ya kijamii na wenyeji, ambamo kawaida huandikwa madarasa, visima na zahanati. Hakuna kinachozuia kuandika humo sharti kwamba mzigo wa wakulima wa sheferi ulipwe ndani ya siku 15, gharama ya kusubiri aibebe mwenye kifua kipana. Sharti hilo lingeupunguza mfuko hadi chini ya nusu, na sekretere angekuta kidogo cha kukopa. Tuliomba madarasa mawili. Yamejengwa, ni mazuri.

Novemba 2025 dola 3,500 zilirudishwa. Kampuni ya chakula imekubali kuendelea kwa nyanya na kabichi, vitunguu imeviondoa kwenye mkataba. Mhazini wa koperative amependekeza kwa maandishi kwamba akaunti ya mfuko iwe na saini tatu, mojawapo ya walimaji, na kwamba benki isitoe kitu bila hiyo. Chifu amesaini. Mhasibu amesaini. Nilipopita mara ya mwisho karatasi ilikuwa bado mezani kwa sekretere, chini ya kikombe cha chai.